Mama Upawa na Sahani ya Mumewe

Dada yangu hasomi nyuso za watu, anasoma sahani. Katika miaka yote aliyopika kwenye kantini ya kiwanda cha sabuni, sijamwona hata siku moja akimuuliza mfanyakazi kama ameshiba. Husimama pale kwenye beseni la vyombo vichafu, mikono kiunoni, akitazama kinachorudi. "Yule wa stoo ana homa," atasema. Au, "Wale wawili wa mitambo wamegombana. Tazama, kila mmoja kabakiza nyama." Na kabla ya jioni utasikia wa stoo kapelekwa zahanati, na wale wawili wanatafutiwa mtu wa kuwapatanisha. Katika kusoma huko amekosea mara moja tu, na alikosea kwa mume wake mwenyewe.

Kiwandani wanamwita Mama Upawa, maana upawa wake haujui ubahili. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya kufika mpaka kwenye mitambo, na ukimkuta kimya ujue anaonja chumvi. Maharage yake yana sifa, na siri yake ni tangawizi, anaiponda mwenyewe asubuhi na hamwambii mtu. Mimi ni mdogo wake. Tangu nilipoachana na bwana wangu, ambaye kazi yake ilikuwa kula kwa kila mtu isipokuwa kwake, ninaishi kwa dada katika chumba cha nyuma, na mchana tunafanya kazi pamoja, yeye kwenye sufuria, mimi kwenye viazi na vitunguu. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Nilikuwepo, na mengine nilijaribu kuyazuia, nikaambiwa nimenye viazi.

Shemeji ni fundi wa mapaa. Walikutana hapo hapo kantini, mwaka ambao paa lake lilivuja mpaka supu ikawa inaongezeka yenyewe. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, anayetembea juu ya mbao kama yuko sebuleni kwake. Mchana alishuka, akala, akarudisha sahani dirishani na kusema neno moja: "Niongeze." Akaongezwa. Akarudi tena. "Niongeze." Mara ya tatu dada akamwambia, "Wewe mwanamume, hiyo njaa umeirithi kwa nani?" Wakacheka, na mambo yao yakaanzia hapo. Mpaka leo dada hujigamba kwamba yeye hakutongozwa kwa maneno matamu kama wanawake wengine. Aliombwa aongeze.

Wakaishi hivyo, dada akipakua mlima, shemeji akiubomoa. Alikula haraka, kichwa kimeinama, kijiko hakipumziki. Dada alikaa mbele yake bila sahani, hali kitu, anamtazama tu, uso umechanua. Yeye hula baadaye, jikoni, akiwa amesimama. Mimi nilikuwa nawaonea wivu, siwezi kuficha. Mwanamke mwenye mume anayerudi nyumbani na njaa hajui alichonacho.

Lakini mlima ukiubomoa kila siku, lazima uhamie mahali. Shemeji alinenepa, akanenepa tena. Siku moja mbao ikakatika chini ya mguu wake, akaponea ukutani, na tangu hapo wenzake wakamwacha chini. Walimwambia kwa adabu: "Fundi, wewe tukatie mabati, sisi tutapanda." Akawa fundi wa mapaa asiyepanda. Anakata bati, anainua shingo, anaelekeza kwa kidole. Magoti yalimuuma, na akikoroma pumzi ilikatika mpaka mimi huku chumba cha nyuma nikawa namsubiri aivute nyingine. Daktari alimwambia sukari inamnyemelea, apunguze mwili. Dada aliposikia hivyo aliondoa kiazi kimoja kwenye sahani ya mumewe. Kesho yake akamwonea huruma, akakirudisha.

Basi ikawa jioni moja shemeji akaisukuma sahani, na nusu ya wali bado ipo.

"Unaumwa?" dada akauliza.

"Hapana. Nimeshiba."

Dada aliitazama ile sahani kama mtu aliyerudi akakuta mlango wa nyumba yake uko wazi. Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa kwenye meza ile bila kutanguliwa na niongeze.

Kesho yake nusu tena. Keshokutwa zaidi ya nusu. Wali ulirudi, maharage yalirudi, nyama yenyewe ilirudi ina alama ya jino moja. "Umekula wapi?" dada akawa anauliza kila jioni, na shemeji anajibu, "Sijala popote, mke wangu," huku akitazama pembeni. Sasa mwanamume anayesema kweli akitazama pembeni ana tofauti gani na mwongo?

"Kuna mtu anampikia," dada aliniambia kantini, akikikatakata kitunguu utadhani ndicho chenye kosa.

"Labda amechoka tu."

"Mtu aliyechoka anakula. Huyu ameshiba. Shibe haitoki hewani, mdogo wangu. Shibe ina mpishi."

Na dalili nyingine, tuseme ukweli, zilikuwa upande wake. Shemeji alianza kupungua. Alitoboa tundu jipya kwenye mkanda, kisha lingine. Akawa anarudi kazini kwa miguu. Akawa anapiga mluzi akioga. Mwanamume wa umri ule akianza kukonda na kupiga mluzi, mke anahitaji shahidi gani tena? Dada akashikwa na wivu, na si ule wa kutaniana, bali wivu wa kunusa mashati. Alinusa kola akitafuta manukato, akakuta jasho na kutu ya mabati. Hilo nalo likamkera. Alisema mwanamke mjanja hajipaki manukato.

Akaamua kupigana kwa silaha anayoijua. Alikaanga nyama ikaogelea kwenye mafuta, akapakua sahani ya kumtosha mtu na maadui zake, akaiweka mbele ya mumewe, akakaa. "Kula," alisema. "Leo nataka nikuone." Shemeji alimtazama mkewe, akaitazama nyama, na kwa kuwa anampenda na anamwogopa kidogo, akala yote. Hakuwahi hata kunawa. Alitoka mbio, tukamsikia nyuma ya tangi la maji akitapika.

Dada alibaki na kitambaa cha meza mkononi. "Chakula changu kimemshinda," alisema. "Amelishwa limbwata."

"Limbwata linamfanya mtu apende," nikamwambia. "Halimfanyi atapike."

"Anapenda huko, anatapika huku. Hujui kitu wewe."

Watu husema adui muombee njaa. Dada yangu alikuwa akimwombea njaa mume wake, kila siku, kwa moyo wake wote, na haikuja. Yeye mwenyewe akaacha kula. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Waliosema hawakukosea, maana gauni lake la kazini lilianza kumpwaya mabegani. Nyumba nzima ikawa inakonda, mmoja kwa siri yake na mwingine kwa wivu wake, na mimi peke yangu nanenepa kwa viporo vyao.

Aliyechochea moto ni yule wa stoo. Ni mtu mwema, ila hana akiba ya maneno. Alileta sahani yake dirishani akasema, "Mama Upawa, mzee namwona siku hizi. Kila Ijumaa jioni, pale duka la soda, kwenye kona ya maseremala. Anaingia nyuma ya pazia la yule mjane." Kisha akauona uso wa dada, akajaribu kujiokoa. "Lakini hakai sana. Mara anatoka, anachomekea shati."

Upawa ulimponyoka dada ukazama kwenye maharage.

Ijumaa hiyo aliacha kantini mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiwa na homa. Tulipita nyumbani. Akapakua chakula kwenye sinia, wali, nyama, mboga na bakuli la mchuzi, akafunika kwa kile kitambaa cheupe cha wageni. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kumpelekea mume wetu chakula," alisema.

Nikavaa viatu haraka. Hasira ya dada ikipiga kelele haina madhara. Ikiwa na adabu, mkimbie.

Duka lilikuwa dogo. Sabuni zetu wenyewe kwenye rafu, mishumaa, mikate, na friji la soda la mlango wa kioo likinguruma. Mwenye duka alikaa kwenye stuli, mwanamke mwembamba wa makamo, miwani imening'inia kifuani, na nyuma yake pazia la maua. Nilimchunguza nikitafuta uzuri wa kuvunja nyumba ya mtu. Nikaona mwanamke anayepanga vibiriti.

"Karibu, dada," alisema.

"Ahsante, mke mwenzangu," dada akajibu, akalitua sinia juu ya kaunta. "Nimeleta chakula. Naona mimi napika na wewe unashibisha, nikasema tusaidiane. Yuko wapi mume wetu?"

Macho ya mwenye duka yaliruka kwenye pazia, na hayo yalitosha. Dada alizunguka kaunta akalivuta pazia lile mpaka likang'oka na waya wake.

Shemeji alikuwa amekaa juu ya kreti la soda. Shati limefunguliwa, tumbo liko nje, mkono mmoja umefinya nyama ya tumbo na mwingine umeshika kitu kama kalamu nene, amekikandamiza hapo. Alikuwa amefumba macho, anahesabu kwa sauti ya chini kama mtoto kwenye mchezo wa kujificha. Alipofumbua macho akamwona mkewe, hakuacha kuhesabu. Alimaliza kwanza, akakichomoa, ndipo akasema, "Mke wangu."

"Unajifanyia nini?"

"Najichoma sindano."

"Ya nini?"

"Ya njaa," alisema. "Inanipunguzia njaa."

Hapo nilitegemea dada acheke, au aombe radhi. Mwanamke hakuwepo, ilikuwepo sindano tu. Ningekuwa mimi ningepiga vigelegele katikati ya duka. Lakini uso wa dada ulikunjamana kuliko ulivyokuwa njiani.

"Njaa ina dawa?" alisema polepole. "Na mimi je? Miaka yote hii, dawa ya njaa yako si mimi?"

Ndipo mwenye duka aliposema, tena kwa upole, bila kukasirikia ule uke wenza aliopewa bure. Yeye ana kisukari na hujichoma sindano zake kila siku. Dawa anaiweka kwenye droo ya chini ya lile friji la soda. Shemeji alikuja siku moja kununua maji, akitokea hospitali, na dawa yake kwenye mfuko. Ilikuwa dawa ya kuwekwa kwenye ubaridi, naye hakujua aipeleke wapi.

"Nikamwambia aiweke nyumbani kwake," alisema mwenye duka. "Akasema friji la nyumbani ni la mkewe. Ataiona."

"Na kwa nini nisiione?" dada akauliza.

Shemeji alikuwa anafunga vifungo vya shati, anakosea matundu. "Ningekuambiaje?" alisema. "Nikuambie nimekwenda kutafuta dawa ili nisikitamani chakula chako? Wewe, Mama Upawa?"

Dada alilichukua sinia lake, akafika mlangoni, akageuka. "Hiyo dawa yako ije nyumbani," alisema. "Friji ninalo."

Safari iliyofuata ya hospitali walikwenda pamoja, na mimi nikaburutwa kama shahidi. Dada alitaka kumwona kwa macho yake huyo aliyempa mumewe kitu kile. Daktari alikuwa mzee mwenye sauti ya chini, akaeleza bila haraka.

"Mama, mtu akila, mwili unapeleka habari kwenye ubongo kwamba inatosha. Kwa mumeo habari hiyo huchelewa, na ikifika ni dhaifu. Sindano hii inaiga habari hiyo, inafika mapema na inakaa. Tena inafanya chakula kitoke tumboni polepole, kwa hiyo kidogo kinamtosha. Tunaanza na kipimo kidogo, tunapandisha taratibu, maana inaleta kichefuchefu, hasa mtu akilazimishwa kula kingi chenye mafuta." Dada aliangalia viatu vyake. "Si dawa ya kila mtu, wala si ya kujinunulia tu. Yeye tumempima na tunamfuatilia. Na haifanyi kazi peke yake. Atembee. Ale mayai, samaki, maharage, mboga, kidogo lakini cha maana, asije akapoteza nguvu za misuli badala ya mafuta. Hapo ndipo tunakuhitaji wewe."

"Na akiiacha?" dada akauliza. Ninamjua dada yangu, na nilijua swali lile limetoka wapi.

"Wengi wakiiacha, njaa inarudi, na uzito unawarudia."

"Kumbe inarudi," dada alisema.

"Iwekeni kwenye friji, lakini isigande," daktari aliendelea. "Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka haifai. Itupwe."

Dawa ikahamia kwetu, rafu ya juu, kati ya mayai na maziwa. Dada akasema kama ni kuchomwa, atachoma yeye, hakuna cha mwenye duka wala nani. Akajifunza. Kila Ijumaa baada ya chakula shemeji alifunua tumbo, dada akaichukua ile kalamu kwa ncha za vidole, kama mtu anayelazimishwa kumpa mkono mke mwenza. Na hapo ndipo wivu wake ulipokosa pa kutokea. Mwanamke mwenzako unaweza kumtukana. Unaweza kusema hajui kupika, miguu yake imepinda, kwao hawana adabu. Sindano utaiambia nini?

Nayo ilikuwa inafanya kazi, hata kipofu angeona. Shemeji alikula kwenye kisahani cha chai na kutosheka. Alisema zamani kichwa chake kilikuwa na redio inayotangaza chakula mchana kutwa, na sasa mtu ameizima. Magoti yakatulia. Pumzi ikaacha kukatika, nikalala. Hospitali wakasema sukari imerudi nyuma. Kila habari njema ilipoletwa mezani, dada alisema, "Vizuri," na kila aliposema vizuri aliichukia ile dawa zaidi. "Hajui kwamba nipo," aliniambia jikoni. "Zamani akiingia tu mlangoni ananitafuta kwa macho. Sasa anatafuta viatu vyake vya kutembelea."

Kisha paa la kantini likavuja tena.

Mafundi walikuja wale wale, na safari hii shemeji hakubaki chini kukata mabati. Alipanda. Nilimwona mguu wake wa kwanza juu ya ile mbao, ulivyoijaribu, ukaitegemea, kisha mguu wa pili ukafuata, na mara akawa anatembea kule juu kama yuko sebuleni kwake. Wanawake wa kufungasha sabuni walitoka nje kutazama. "Mama Upawa!" walipiga kelele. "Mumeo amerudi ujanani! Mfunge kamba huyo, tutakuibia!"

"Mke wangu!" shemeji aliita kutoka juu. "Umeniona?"

"Nimekuona," dada akajibu. Alikuwa anatabasamu kwa meno tu.

Mchana mafundi wote walishuka kula isipokuwa yeye. Alikuwa na mayai mawili ya kuchemsha mfukoni, akayala huko huko, miguu inaning'inia, anatazama mbali. Dada alikuwa amempakulia sahani, kidogo tu, kama alivyoagizwa na daktari, akaiweka dirishani, palepale walipojuana. Ikakaa mpaka mchuzi ukafanya ngozi. Nilipotaka kuiondoa alinipiga mkono. Jioni shemeji akamwambia, "Sikuwa na njaa, na kule juu kuzuri mno. Nikasahau kushuka." Hakuwa na ubaya wowote. Angemtukana ingekuwa afadhali.

Siku ya pili yake nilifungua sehemu ya barafu ya friji la nyumbani kutafuta nyama. Ile kalamu ilikuwa imelala humo, imefanya ukungu mweupe.

"Dada," nilisema. "Hii imefikaje huku?"

"Iache hapo ilipo."

"Daktari alisema isigande."

"Nilikuwepo aliposema." Alikuwa anaosha mchele na hakuinua kichwa. "Ameniibia mume wangu. Si mwanamke, ningejua la kufanya. Mwanamume alinipenda kwa njaa yake, mdogo wangu. Njaa ikiisha, mimi nabaki na nini? Upawa?"

"Na akirudi chini? Akianza tena kukatika pumzi usingizini?"

Mchele ulimwagika kidogo nje ya bakuli.

"Sikiliza," nikamwambia. "Ukimchoma na hiyo, nitasema. Mimi nakula kwako na nalala kwako, lakini nitasema."

"Menya viazi," alisema dada.

Ijumaa asubuhi kalamu ilikuwa imerudi rafu ya juu, kati ya mayai na maziwa, haina hata alama. Mtu asingejua. Nilikwenda kazini na siri ile, nikarudi nayo hivyo hivyo.

Jioni tulikaa mezani, shemeji na mimi tukila, dada amekaa mbele ya mumewe bila sahani kama desturi yake, mikono mapajani. Kulikuwa na wali na maharage na samaki. Shemeji alikula kama anavyokula siku hizi, anatia kidogo mdomoni, anaweka kijiko chini, anatafuna. Ghafla akaacha kutafuna. Dada akainuka nusu, akidhani anataka kutapika.

"Hii ni tangawizi?" shemeji aliuliza.

"Ipi?"

"Kwenye maharage. Siku hizi unatia tangawizi?"

Dada alimtazama. "Natia tangawizi tangu siku uliyoniletea sahani dirishani," alisema.

"Usiniambie."

"Kila siku."

Shemeji alichota kijiko kingine, akakiweka mdomoni, akafumba macho. "Sikuwahi kuisikia," alisema. "Wallahi sikuwahi. Nilikuwa nameza tu, njaa inakimbiza chakula kabla ulimi haujajua." Akafumbua macho. "Tamu, mke wangu. Kumbe unapika hivi?"

Dada alisimama. Nilidhani anakwenda kulia jikoni. Alifungua friji, akarudi na ile kalamu, akaiweka mezani karibu na kile kisahani.

"Hii usichomwe," alisema. "Imekufa. Niliigandisha mimi nikairudisha. Nilikuwa nikuchome nayo leo."

Kijiko cha shemeji kilibaki hewani. Aliangalia kalamu, akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia wali. Sijawahi kumwona na hasira, na ile ilipopanda ilianzia shingoni.

"Unajua nimekaa miaka mingapi nikitazama wenzangu wakipanda?" alisema. "Ulitaka nirudi chini?"

"Nilitaka urudi mezani," dada alisema, na sauti ile inayofika kwenye mitambo haikufika hata kwangu vizuri.

Shemeji aliinuka na ile kalamu. Alikwenda kwenye chupa ya plastiki tunayotupia sindano zilizotumika, akaitumbukiza, akafunga kifuniko kwa nguvu. Akasimama pale ametupa mgongo. Viatu vyake vya kutembelea vilikuwa mlangoni, hatua chache tu, na nilimwona akivitazama. Dada naye alimwona.

Kisha akarudi akakaa. Akavuta kisahani chake, akakusanya punje za maharage zilizobaki, akala. Akakisukuma kwa dada.

"Niongeze," alisema.

Dada hakugusa kitu. "Njaa imeanza kurudi?"

"Sina njaa," shemeji akajibu. "Niongeze."

Dada akachukua upawa. Aliuinua umejaa kama wa zamani, akausimamisha juu ya sufuria, akarudisha, akarudisha tena, mpaka yakabaki maharage ya kutosha kijiko kimoja, akamwekea. Halafu akaenda kabatini, akaleta sahani nyingine, akajipakulia na yeye, akakaa mbele ya mume wake na kuanza kula.